Kazi ya kikundi chuoni: mwongozo kamili, tangu majina yabandikwe hadi mpige prezentesheni

CR (kiongozi wa darasa) anarusha majina ya vikundi kwenye WhatsApp. Watu tisa wanaweka dole gumba. Siku kumi zinapita kimya, halafu usiku wa kuamkia kukusanya anabaki mmoja na laptopu, akibandika vipande vinavyoingia mpaka saa sita. Alama zikirudi ni nne kati ya kumi, na kila mtu analaumu usiku ule.

Usiku ule hauna kosa kubwa. Kazi nyingi huharibika siku mbili za mwanzo, pale mtu anapoandika "mimi nachukua (a)" na wengine wakakimbilia (b) na (c) kabla hata ya kukubaliana swali linataka nini.

Mwongozo huu umechukulia kikundi cha watu 9, wiki mbili, ripoti ya kurasa 10 na prezentesheni ya dakika 15. Kwa mfano tutatumia swali hili: "Jadili changamoto za ukusanyaji wa taka ngumu jijini Dar es Salaam na upendekeze suluhisho." Kama mpo wachache au siku ni chache, punguzeni siku lakini msiruke hatua.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Swali lenyewe neno kwa neno, kwa picha au faili la mhadhiri. Lile lililoandikwa upya na mtu kwenye grupu halitoshi.
- Majina kamili, namba za usajili na simu za wote. Namba moja ya usajili ikikosewa kwenye kava, mwenzenu anaweza kukosa alama.
- Laptopu mbili zinazokaa na chaji. Moja haitoshi, maana umeme hukatika.
- Faili moja la pamoja la Google Docs ambalo wote wana ruhusa ya kuandika.
- Flashi mbili zilizosafishwa virusi.
- Mchango wa kuchapa, ukusanywe wiki ya kwanza kwa mtu mmoja. Kama steshenari yenu inatoza shilingi 100 kwa ukurasa na 1,500 kubandi, kurasa 13 pamoja na kava ni shilingi 2,800. Kusanyeni 500 kila mtu. Inayobaki ni ya kurudia kuchapa, na mara nyingi mtarudia.
- Daftari la kikao. Kurasa mbili tu zinatosha.

## Hatua ya 1: Vunjeni swali kabla ya kuligawana

Pigieni mstari vitenzi. Swali letu lina viwili: *jadili* na *pendekeza*. "Jadili" haimaanishi "taja". Anayetaja ataandika: magari machache, fedha kidogo, wananchi hawana elimu. Anayejadili ataonyesha jinsi jambo moja linavyozaa jingine, na lipi ni zito zaidi.

Halafu pigieni mstari mipaka. *Ukusanyaji*, si urejelezaji. *Taka ngumu*, si majitaka. *Dar es Salaam*, si Tanzania nzima. Vikundi vingi hupoteza kurasa tatu za mwanzo kueleza maana ya mazingira na historia ya miji duniani, na mhadhiri hana pa kuweka tiki.

Mkikwama, mtu mmoja amuulize mhadhiri, mapema na mara moja, si watu tisa kwa nyakati tofauti. Ujumbe uwe hivi:

"Shikamoo Dokta. Sisi ni kikundi namba 4. Kwenye swali letu la taka ngumu, tumeelewa kuwa tujikite kwenye ukusanyaji toka majumbani hadi dampo, bila kuingia kwenye urejelezaji. Tunaomba kujua kama tuko sahihi. Samahani kwa usumbufu."

Mnampa jibu lenu athibitishe au asahihishe. Swali la "Dokta hatujaelewa swali" hurudishiwa "someni tena."

Mmefaulu kama: kila mwanakikundi anaweza kusema kwa sentensi mbili, bila kuangalia karatasi, swali linataka nini.

## Hatua ya 2: Kikao cha kwanza ndani ya saa 48

Kaeni ana kwa ana, kimbweteni (viti na meza za nje za chuo) au darasa tupu, kwa dakika 45. WhatsApp haifai kwa kikao hiki kwa sababu kwenye simu anayenyamaza hajulikani kama amekubali, amelala au hana bando. Mkiwa mezani mnaona sura.

Kuchagua muda ni nusu ya kazi. Epukeni Ijumaa mchana kwa ajili ya swala, Jumamosi kama mna Msabato, na saa ya kufuturu mwezi wa Ramadhani. Epukeni pia saa 8 mchana mara baada ya ugali. Watu watakubali kila kitu ili waondoke. Wanaoishi mageto ya mbali wanahitaji daladala, kwa hiyo kikao kiishe kabla ya saa 12 jioni. Mtu akikosa kikao cha kwanza kwa sababu ya ratiba mbovu, mara nyingi hamtampata tena.

Amueni mambo manne tu: mratibu ni nani, tarehe za ndani, wapi mafaili yatakaa, na nini kitatokea mtu akichelewa. Hilo la mwisho lisemwe siku hii, wakati hakuna aliyekosea. Likisemwa wiki ya pili litasikika kama mnamsema mtu.

Tarehe za ndani kwa wiki mbili zinakwenda hivi: siku ya 2 hadi 5 kusoma, siku ya 6 kikao cha hoja, siku ya 6 hadi 9 kuandika, siku ya 10 na 11 kuunganisha, siku ya 12 kuchapa, siku ya 13 mazoezi. Siku ya 14 ni ya kukusanya na kuwasilisha, na haina kazi nyingine yoyote.

Onyo: mratibu si yule mwenye laptopu nzuri wala mwenye GPA kubwa. Tafuteni anayejibu meseji na asiyeona haya kumkumbusha mkubwa wake. Kwenye vikundi vyenye watu wazima waliotoka kazini, kijana wa miaka 20 anaweza kusita kumwambia mama wa miaka 45 kuwa amechelewa. Mpeni ruhusa hiyo mbele ya wote.

## Hatua ya 3: Wote wasome, kisha hoja moja ipatikane

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotenganisha ripoti ya 8 na ya 4.

Kila mtu asome vyanzo viwili kuhusu swali *zima*, na aandike kwenye faili la pamoja mistari mitano kwa kila chanzo: nani kaandika, mwaka gani, anasema nini, ana takwimu gani, ukurasa wa ngapi. Watu 9 mara vyanzo 2 ni vyanzo 18. Hakuna mwanafunzi mmoja anayeweza kusoma hivyo kwa siku nne, na hiyo ndiyo faida halisi ya kuwa kikundi.

Siku ya 6 mnakaa tena na kujibu swali moja: *sisi tunasema nini?* Jibu liwe sentensi moja. Kwa mfano: "Tatizo kubwa la ukusanyaji wa taka Dar es Salaam ni umbali na njia: nyumba za uswahilini hazifikiki kwa lori, na dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali na sehemu kubwa ya jiji, kwa hiyo kila lori hufanya safari chache." Mnaweza kukosea. Lakini sasa mna kitu cha kutetea, na kila sehemu ya ripoti ina kazi ya kufanya.

Mabishano yatatokea hapa, na yanatakiwa. Kanuni mbili zinatosha. Ya kwanza: anayepinga hoja aseme kwanza, kwa maneno yake, mwenzake amesema nini, hadi mwenzake aseme "ndiyo, hivyo." Nusu ya mabishano huishia hapo kwa sababu walikuwa wanasema kitu kimoja. Ya pili: anayepinga alete chanzo, si sauti. Wanaosema sana wasubiri. Mratibu aanze kuzunguka meza kwa yule aliyekaa kimya, kwa jina lake. Wako wenye hoja nzuri wanaoogopa Kiingereza chao kitachekwa. Jadilini kwa Kiswahili, andikeni kwa lugha iliyoagizwa.

Mmefaulu kama: sentensi ya hoja imeandikwa juu kabisa ya faili, na vichwa vya sehemu vimepangwa chini yake.

## Hatua ya 4: Gawaneni kwa jina, kitu na siku

Sasa ndipo kugawana kunapokuja. Ukurasa wa herufi za ukubwa 12 na nafasi ya 1.5 hubeba maneno kati ya 350 na 400, kwa hiyo kurasa 10 ni kama maneno 3,500. Sehemu tano za maneno 600 zinatoa 3,000. Utangulizi na hitimisho 250 kila kimoja.

Watu watano wanaandika sehemu. Mmoja mhariri, na ndiye anaandika utangulizi na hitimisho mwishoni. Mmoja mkaguzi wa namba na marejeo. Mmoja slaidi. Wa tisa ni mratibu, ambaye pia hushika mchango na kwenda steshenari.

Kila kazi iandikwe ikiwa na vitu vitatu. "Wewe utashughulikia sheria" ni maneno tu. Kazi ni hii: "Neema: sehemu ya 3, sheria na ada za taka, maneno 600, vyanzo visivyopungua vitatu, kwenye Google Docs, Jumatano saa 2 usiku."

Kikundi kikiwa kikubwa, mtu hujisemea wengine wapo. Jina likikaa peke yake mbele ya kitu na saa, hakuna wa kumtegea.

## Hatua ya 5: Grupu la WhatsApp lisiwe soko

Fungueni grupu la kikundi pekee, tofauti na la darasa. Maelezo ya grupu yawe na kiungo cha Google Docs na tarehe za ndani, ili asiwepo wa kuuliza "link iko wapi" usiku wa manane.

Dole gumba lisihesabiwe kuwa jibu. Anayepewa kazi ajibu kwa kurudia: "Nimepata. Sehemu ya 3, Jumatano saa 2 usiku." Inaonekana ni ya kitoto, lakini ndipo mtu hugundua alikuwa amesoma Alhamisi.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne hausikilizwi, na unakula bando. Lenye uamuzi liandikwe. Baada ya saa 4 usiku pasitumwe kazi mpya. Anayelala asiamke akakuta amepangiwa.

## Hatua ya 6: Anayechelewa na anayetaka kubebwa

Hao ni watu wawili tofauti. Anayechelewa anaweza kuwa anaumwa, amefiwa, simu imeharibika, bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) halijatoka na hana bando, au anafanya kazi usiku. Anayetaka kubebwa ana bando la kuweka status.

Anzeni faraghani, saa chache baada ya muda kupita, si siku tatu baadaye:

"Dada Neema, habari za leo. Sehemu ya 3 ilikuwa ije jana saa 2 usiku, hatujaiona. Kuna shida yoyote? Unaweza kuileta leo kabla ya saa 12 jioni, au tumpe mwingine sehemu hiyo nawe uchukue kumsaidia wa slaidi?"

Angalia ujumbe huo ulivyojengwa: kitu gani, lini, swali la kweli, kisha njia mbili za kutoka. Hauna "wewe siku zote". Kumsema mtu kwenye grupu mbele ya wengine humfanya ajitetee badala ya kuandika, na hapo mmepoteza sehemu ya 3 na mtu pia.

Akinyamaza saa 24, mratibu ahamishe kazi hiyo kwa mwingine na atangaze kwenye grupu kwa sentensi moja bila matusi. Akiendelea kutoonekana, mwandikieni mhadhiri *kabla* ya tarehe ya kukusanya. Historia ya mabadiliko ya Google Docs inaonyesha nani aliandika nini na lini. Huo ndio ushahidi wenu.

Onyo: msifute jina la mtu kimyakimya kwenye kava. Akilalamika, mtaonekana ninyi ndio wenye hila, hata kama alikuwa hajaandika neno. Na msimwandikie kazi yote kwa huruma mkidhani mnamsaidia. Atasimama mbele ya darasa aulizwe swali.

## Hatua ya 7: Kuunganisha si kubandika

Mhariri anahitaji siku mbili. Ripoti iliyobandikwa hujulikana ndani ya dakika moja: fonti tatu, "taka ngumu" ukurasa wa 2 na "takataka" ukurasa wa 5, ufafanuzi uleule mara mbili.

Kosa baya zaidi ni la namba. Ukurasa wa 1 unasema Dar es Salaam ina watu 5,383,728 na ukurasa wa 6 unasema 4,364,541. Zote mbili ni za kweli: ya kwanza ni ya sensa ya 2022, ya pili ni ya 2012. Lakini mhadhiri akiziona pamoja bila mwaka, anajua mara moja kuwa hakuna hata mmoja aliyesoma ripoti nzima. Mkaguzi wa namba atengeneze orodha ya kila takwimu, mwaka wake na ukurasa, aipitie mara moja. Ni kazi ya saa moja.

Mpangilio wa kufanya ni huu. Kwanza bandika vipande bila mitindo ya fonti iliyokuja navyo. Pili soma mwanzo wa kila aya tu. Ukiruka kutoka moja hadi nyingine, hoja inasogea au inarudi nyuma? Tatu ondoa marudio. Nne linganisha istilahi. Tano hakikisha kila jina lililotajwa ndani lipo kwenye marejeo, na kila lililopo kwenye marejeo limetajwa ndani. Mwisho ndipo uandike utangulizi, kwa sababu sasa unajua unatambulisha nini.

Kuhusu kudesa, yaani kunakili kazi ya wengine: programu ya Turnitin huonyesha asilimia ya maneno yanayofanana na maandishi mengine, na mtu mmoja aliyenakili aya mbili huwachafua wote tisa. Kubadilisha neno moja moja hakusaidii. Soma aya, funga chanzo, eleza kwa maneno yako, kisha weka rejeo.

Kwa waliotumia ChatGPT na wenzake: programu hizi hutunga marejeo yasiyopo, yenye jina la mwandishi, mwaka na jarida, yanayopendeza macho kabisa. Chanzo ambacho hakuna mwanakikundi aliyekifungua kwa mkono wake kiondolewe.

Mmefaulu kama: watu wawili wanaisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho na msikilizaji hawezi kusema wapi mwandishi amebadilika.

## Hatua ya 8: Steshenari

Nendeni siku ya 12, si asubuhi ya siku ya 14 ambapo vikundi vyote vya darasa viko foleni na umeme umekatika. Pelekeni PDF, faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine huhama kurasa. Hesabuni kurasa kabla ya kubandi. Flashi ikitoka huko msiirudishe kwenye laptopu ya slaidi bila kuisafisha; virusi vya kugeuza mafaili kuwa shotikati hupatikana papo hapo.

## Hatua ya 9: Prezentesheni

Dakika 15 zisipangiwe zote. Semeni 12, acheni 3 za kuchelewa kwa projekta na kupeana nafasi. Kwa mwendo wa maneno kama 120 kwa dakika, ni maneno yasiyozidi 1,440. Wasemaji wanne, dakika tatu kila mmoja. Wasemaji tisa ni vurugu, labda mhadhiri aagize.

Slaidi 8 hadi 10, herufi zisipungue ukubwa wa 28, mistari isizidi sita. Slaidi iliyojaa aya nzima humfanya msemaji aisome akiwapa watu mgongo, nao huimaliza kabla yake.

Fanyeni mazoezi mara mbili siku ya 13: mara moja mkiwa na slaidi, mara moja bila, mkisimama, saa ikihesabu. Zoezi la pili ni kwa ajili ya projekta kukataa. Bebeni waya wa HDMI na wa VGA, na slaidi ziwe pia kwenye PDF.

Maswali hayagawiwi kwa kujitolea. Kila sehemu ina mwandishi wake, naye ndiye hujibu, hata kama hakuwa msemaji. Ajibu baada ya kuvuta pumzi moja. Asilolijua aseme: "Hilo hatukulifikia katika kusoma kwetu, tulichokiona ni hiki." Kubuni jibu huzaa swali la pili, na la pili ndilo huangusha. Mwenzenu akikosea, msimkatize, ongezeeni akimaliza.

## Hatua ya 10: Mwili usiku wa kuamkia

Laleni kwa muda wa saa saba au zaidi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kuitikia na hukosea kama aliyekwisha kunywa pombe kiasi, na mbaya ni kwamba yeye mwenyewe hajioni. Ndiyo maana makosa ya sensa mbili hayaonekani saa 8 usiku.

Kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu cha saa 4 usiku, nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini saa 9 usiku kwa watu wengi. Utakesha, halafu asubuhi mikono itatetemeka jukwaani. Kama ni lazima, nyweni kabla ya saa 10 jioni.

Asubuhi kuleni kitu chenye kukaa: chapati maharage, mihogo na yai, ndizi na karanga. Chai kavu itawaacha mnasikia njaa katikati ya maswali. Bebeni maji, woga hukausha koo, na sauti ikikwama watu huanza kucheka.

Fikeni dakika 20 kabla, fungueni slaidi, pitisheni zote hadi ya mwisho.

Mkimaliza, mratibu atume kwenye grupu faili la mwisho, slaidi na maswali yaliyoulizwa pamoja na yale mliyoshindwa kuyajibu. Mada ya kazi ya kikundi hurudi kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula), na mara nyingi ni sehemu ambayo wewe binafsi hukuiandika.